Dhoruba ya Theluji Imetulia, Sasa Mtaa Ufanye Nini: Mwongozo Kamili Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa baridi watu wanakwama palepale. Upepo ukitulia tu kila mtu anakimbilia beleshi, anafukua gari lake, alafu kwenye grupu la mtaa mtu anaandika "jamani wote wazima?", wanajibu nusu, nusu wako kimya, na ule ukimya unachukuliwa kwamba wako salama. Aliyekaa kimya ndo wa kwanza kwenda kuangaliwa, maana yawezekana simu imezima chaji, au mwenyewe vidole vimekufa ganzi hawezi hata kuandika.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano na naomba usiuruke: watu kwanza, alafu joto, alafu njia, alafu maji na chakula, alafu ndo nyumba. Februari 2021 pale Texas, Marekani, umeme ulikatika kwa mamilioni ya nyumba na jimbo likahesabu vifo 246. Kilichoua wengi ni baridi yenyewe, na wengine walikufa kwa sumu ya moshi wakijitafutia joto.

## Vitu vya kukusanya kabla hamjatoka

Hamhitaji kununua kitu sa hivi, maduka yenyewe labda yamefungwa. Kusanyeni vilivyomo majumbani:

- Daftari na kalamu ya risasi (kalamu ya wino inagoma kwenye baridi kali)
- Tochi na betri za akiba, kila timu angalau moja
- Mabeleshi, mchanga, na chumvi ya kuyeyushia barafu kama ipo
- Blanketi, nguo kavu, soksi na glavu za kubadilisha
- Chupa za kutunzia maji ya moto
- Pawabenki na chaja za gari
- Kengele ya betri inayolia ikinusa kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu inayotoka kwenye vitu vinavyoungua), na kama mtaa mzima mnayo moja tu, iende kwenye chumba cha joto cha hatua ya 3
- Ramani ya mtaa iliyochorwa kwa mkono, nyumba zote, hata zile za nyuma na za chini ya ardhi ambazo watu huzisahau

Hiyo ramani usiidharau. Mpangaji wa chumba cha chini ambaye mlango wake uko upande wa nyuma ndo anayeachwa kila mara.

## Hatua ya 1: Anza na wewe mwenyewe na nyumba yako

Hapa usizidishe nusu saa. Vaa nguo kwa tabaka, ya ndani isiwe ya pamba kwasababu pamba ikilowa jasho inakupoza badala ya kukupasha. Kofia, glavu, na buti zenye meno.

Kabla hujafungua mlango nusa. Ukisikia harufu ya gesi toka na familia, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, mpigie mtu wa gesi au zimamoto ukiwa nje na mbali.

Ukishatoka zunguka nyumba uangalie matundu ya kutolea moshi wa hita na boila ukutani. Yakizibwa na theluji moshi unarudi ndani, na huo moshi hauna rangi wala harufu. Fukua hapo kwanza, kabla ya mlango wa gereji na kabla ya gari.

Onyo: waya wa umeme ulioanguka uhesabu kwamba una moto, hata kama mtaa mzima ni giza. Kaa mita 10 au zaidi, usiuvuke wala kuukanyaga na gari, na usimsogelee mtu aliyeugusa hadi umeme ukatwe. Weka mtu mmoja azuie wengine huku mwingine anapiga simu.

Umefanikiwa kama: nyumba yako haina harufu ya gesi, matundu yako wazi, watu wako wamevaa vizuri na una nguvu za kutembea mlango hadi mlango.

## Hatua ya 2: Gongeni kila mlango

Hii ndo roho ya kazi yote, na hapa nitakaa kidogo.

Mwende wawili wawili, asiende mtu peke yake hata kama ni kijana mwenye mbavu. Kila jozi ipewe nyumba chache, tuseme nane au kumi, na mkubaliane saa ya kurudi. Jozi ambayo haijarudi saa hiyo inafuatwa.

Ukifika angalia chini kwanza. Theluji ya mlangoni ambayo haina hata alama moja ya mguu masaa mengi baada ya dhoruba kuisha inakwambia hakuna aliyetoka, inawezekana wamelala, inawezekana wamesafiri, inawezekana mlango umegandiana na fremu wakashindwa kuufungua. Gonga kwa nguvu, jitaje jina na nyumba unayotoka, subiri, gonga tena, zunguka madirishani.

### Usiulize "uko sawa?"

Kila mtu atakujibu yuko sawa, hasa wazee na wale wasiopenda kusumbua watu. Uliza vitu vyenye jibu:

- Umekula au kunywa kitu cha moto mara ya mwisho lini?
- Jana umelala chumba gani, na mlikuwa mnapasha joto na nini?
- Dawa zako zimebaki za siku ngapi?
- Kuna mashine yoyote humu inayotegemea umeme, ya oksijeni, ya kupumulia usiku, ya figo?
- Maji yanatoka?
- Nani mwingine yuko ndani?

Huku anajibu, tumia macho. Akiongea ukaona mvuke unamtoka mdomoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, hiyo nyumba siyo ya kulala leo. Mpe chupa ya maji uone anafungua kifuniko vipi: vidole vinateleza, anajaribu mara ya pili, anakurudishia akisema hana kiu. Sikiliza maneno, kama yanatoka mazito na yanavutika, au anarudia swali ulilokwisha mjibu. Koti limefungwa vifungo vya kupishana. Hizo ni dalili kwamba mwili umepoa kupita kiasi, yaani joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35, na mtu wa hivyo ubongo wake nao umepoa kwahiyo hawezi kujua kwamba yuko hatarini. Anayetetemeka ni wa haraka. Aliyekuwa anatetemeka akaacha ilhali bado wa baridi ni wa haraka zaidi. Mtoto mchanga yeye huenda asitetemeke kabisa, utakuta ngozi nyekundu na ya baridi, na amelegea hana nguvu ya kulia.

### Ukimkuta mtu wa hivyo

Piga namba ya dharura. Wakati mnasubiri, mwingize sehemu yenye joto, mvue nguo zilizolowa, mpashe katikati ya mwili kwanza: kifua, shingo, kichwa, kwenye kinena. Mikono na miguu baadaye. Blanketi kavu juu na chini, kama hakuna kitu kingine mtu mwenye joto akae naye ndani ya blanketi. Kinywaji cha vuguvugu apewe tu kama yuko macho na anameza vizuri. Pombe hapana kabisa, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka. Mshikeni taratibu, msimsukume sukume, moyo uliopoa unashtuka kirahisi.

Vidole, pua, masikio au mashavu yakiwa meupe au ya kijivu, magumu kama nta na hayana hisia, hiyo nyama imeanza kuganda. Usisugue, na ile habari ya kusugua na theluji iacheni kabisa inaharibu nyama. Tumia maji ya vuguvugu, na ayapime mtu mwingine kwa kiwiko maana mwenyewe hasikii moto. Usimweke karibu na moto au hita kwa sababu hiyohiyo. Na kama kuna uwezekano sehemu hiyo itaganda tena njiani kwenda hospitali, usiiyeyushe, iache hadi mfike.

### Andikeni, lakini siyo mlangoni

Kila nyumba iwekewe alama kwenye daftari: nyekundu anahitaji msaada sasa, njano aangaliwe tena jioni, kijani yuko vizuri na anaweza kusaidia wengine. Kuna mitaa wanabandika karatasi za rangi milangoni, mimi sishauri, unamtangazia kila mpita njia nyumba ipi ina mgonjwa peke yake na ipi haina mtu.

Familia isiyojua lugha ya hapo mlipo, tafuta mtu mzima anayeongea lugha yao, hata kwa simu. Mtoto atafsiri kama hakuna njia nyingine, na usimfanye amwambie mama yake habari za ugonjwa.

Nyumba isiyoitika kabisa: ulizeni majirani wa kushoto na kulia, pigeni simu, angalieni kama gari lipo chini ya theluji, kama kuna mnyama analia ndani. Mkiwa na wasiwasi wa kweli piga namba ya dharura muombe waje waangalie. Kuvunja mlango ni mpaka muone au msikie mtu ndani anayehitaji kuokolewa, na muwe zaidi ya mmoja.

Mmefanikiwa kama: hakuna nyumba kwenye ramani isiyo na rangi.

## Hatua ya 3: Fungueni chumba kimoja cha joto

Nyumba ishirini zikijipasha kila moja kivyake na mafuta kidogo kidogo, usiku wa pili zote zimeishiwa. Chagueni nyumba moja au mbili, au ukumbi.

Sifa zake: chanzo cha joto kinachofanya kazi na chenye njia ya moshi nzima (jiko la kuni lenye dohani iliyosafishwa ni zuri sana), milango miwili ya kutokea, choo, isiwe na ngazi ndefu, na mwenye nyumba awe amekubali mwenyewe, asibanwe mbele za watu. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe humo. Awepo mtu macho usiku kucha kwa zamu, kazi yake moja tu kuangalia moto na kupita kuangalia wanaolala.

Wenye homa na kikohozi watengewe pembe yao au chumba chao. Wazee na watoto wachanga walale mbali na mlango. Hita ya umeme ikae mita moja kutoka kwenye pazia, godoro na nguo, na ichomekwe ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni.

Shida itakuja kwa wanaokataa kutoka kwao. Mzee ameishi hapo miaka yote hataki kwenda kulala kwa watu, anaona aibu, anahofia vitu vyake. Usimburuze na usimtishe. Kinachofanya kazi mara nyingi ni kumuomba badala ya kumpa: "Mzee wangu, pale tuna watoto na wazazi wao wako kwenye theluji wanafukua njia, tunahitaji mtu mzima wa kukaa nao, twende utusaidie." Na iwe kweli, mkifika mpe hiyo kazi. Kama ana paka au mbwa aje naye. Akikataa kabisa heshimu, ila mzibie baridi kwenye chumba kimoja akae humo, na aingie kwenye orodha ya kuangaliwa usiku.

Wanaobaki majumbani wajibane chumba kimoja kidogo chenye dirisha la jua kama lipo, blanketi madirishani jua likizama, taulo chini ya mlango, wote walale humo. Mishumaa iwe ya dharura tu, tochi ni salama zaidi.

Mmefanikiwa kama: kila wa nyekundu amehamia sehemu yenye joto kabla giza halijaingia. Siyo kesho.

## Hatua ya 4: Jenereta, mkaa na moshi

Nimeitenga hatua hii kwasababu hapa watu wanauana kwa nia njema kabisa, jirani anamletea jirani jiko la mkaa ndani alale na joto, asubuhi hawaamki.

Kaboni monoksaidi inatoka kwenye kitu chochote kinachoungua: jenereta, mkaa, jiko la gesi, gari. Huioni na huinusi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, ni rahisi kudhani ni mafua. Cha kujiuliza ni hiki: je tunaumwa kichwa wengi kwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu? Toka wote, piga simu ya dharura, msirudi ndani. Aliyelala anaweza kufa bila hata kusikia dalili moja.

Sheria ambazo hazina mjadala:

- Jenereta nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, hata la jirani, bomba la moshi likielekea upande usio na watu. Gereji siyo nje hata ukiacha mlango wazi.
- Jiko la mkaa haliingii ndani. Halafu jiko la gesi la kupikia halitumiki kupasha nyumba.
- Gari halinguruni gereji. Ukikaa kwenye gari upate joto fukua kwanza bomba la ekzosi, likiziba moshi unaingia unakokaa.
- Jenereta haichomekwi kwenye soketi ya ukuta ili iwashe nyumba nzima. Umeme unarudi kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi aliyepanda nguzo akijua hakuna moto. Chomeka vyombo kwenye jenereta yenyewe kwa waya mnene wa kazi za nje, isipokuwa kama fundi umeme alishafunga swichi maalum.
- Kuongeza mafuta, zima, iache ipoe, ndo umimine.

Jenereta moja inaweza kuhudumia nyumba kadhaa mkipangana. Mashine za wagonjwa ziko juu ya foleni kila wakati, alafu simu na pawabenki, alafu friza ambazo hazihitaji umeme mchana kutwa, masaa machache zikipokezana zinatosha. Andikeni nani kachangia mafuta kiasi gani ili mwenye jenereta asibaki na mzigo peke yake, ugomvi mwingi wa baada ya dhoruba unaanzia hapo.

## Hatua ya 5: Fukueni njia moja, siyo njia zote

Sasa chukueni mabeleshi. Lengo ni njia moja ya kupita gari la wagonjwa, kutoka barabara kubwa hadi nyumba za nyekundu, alafu chumba cha joto, alafu bomba la zimamoto (liwe wazi mita moja kila upande). Magari binafsi yasubiri.

Theluji laini ni nyepesi inadanganya, ila ile iliyolowa mita moja ya ujazo inaweza kupita kilo 300. Kufukua kwenye baridi kunapandisha presha na mapigo ya moyo kwa pamoja wakati mishipa imejikaza, na kila msimu kuna watu wanaopata shambulio la moyo na beleshi mkononi. Mwenye historia ya moyo au presha asifukue, na mtu ambaye mwaka mzima hajafanya kazi ngumu naye apewe kazi nyingine, ya daftari au ya jikoni, zipo nyingi. Msiwacheke wala kuwaita wavivu.

Namna ya kufukua: sukuma zaidi ya kunyanyua. Ukinyanyua jaza nusu beleshi, kunja magoti, usizungushe kiuno kurusha. Dakika kumi na tano kazi, alafu pumzika ndani, kunywa kitu. Kifua kikibana, maumivu ya mkono au taya, pumzi kukata, jasho la baridi: acha palepale na mwite mtu.

Mkishafikia barafu, chumvi ya kawaida inapoteza nguvu baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi, mtaimwaga yote na hamtaona kitu. Hapo mwageni mchanga, hauyeyushi ila unashika mguu.

Na theluji mnayotoa msiirundike juu ya mifereji wala kwenye kona ambapo madereva wanahitaji kuona. Mtajua kwanini mkifika hatua ya 9.

Mmefanikiwa kama: gari moja linapita bila kukwama na milango ya nyumba za nyekundu inafunguka hadi mwisho.

## Hatua ya 6: Maji, chakula, dawa

Hesabuni lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia na usafi kidogo. Kama mamlaka zimesema maji yachemshwe, yaache yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima, na kama mko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari dakika 3.

Theluji safi inaweza kuyeyushwa na kuchemshwa, ila jiandaeni, ndoo kumi za theluji laini zinatoa kama ndoo moja tu ya maji, na mafuta mengi yanaisha. Bora kuitumia kwa choo. Kuila mbichi hapana, inakupoza kutoka ndani.

Friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama masaa 4. Friza iliyojaa masaa 48, iliyojaa nusu masaa 24, mradi msiifungue fungue. Kitu cha kuharibika kilichokaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya masaa mawili kitupwe, usikionje kujua kama kimeharibika. Wengi wanaweka vyakula nje kwenye theluji, jua likitoka vinapata joto na wanyama wanavifuata. Afadhali gandisha maji kwenye chupa nje, alafu ingiza hizo chupa ndani ya friji.

Chungu kimoja cha mtaa ni bora kuliko majiko ishirini. Vianze kupikwa vilivyoanza kuyeyuka kwenye friza, ulizeni mapema nani hali nini kwa dini au kwa afya, na chakula kiwafuate wasioweza kutembea kabla ya foleni kuanza, wasiletewe mabaki.

Dawa: kusanyeni majina ya dawa na siku zilizobaki, mtu mmoja aongee na duka la dawa au kliniki kwa niaba ya wote. Insulini isigande, iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, kwahiyo mwenye nayo atembee nayo ndani ya koti karibu na mwili. Mwenye mtungi wa oksijeni akae mbali kabisa na moto na sigara.

## Hatua ya 7: Mabomba na paa

Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba linapasuka kimyakimya, na hutajua mpaka barafu iyeyuke. Ndo maana kazi ya kwanza ni kila nyumba ijue valvu kuu ilipo na iweze kuifunga. Ikiwa ngumu msiilazimishe kwa nguvu ikakatika, mwite anayejua.

Bomba lisilotoa maji: fungua koki, fungua milango ya kabati chini ya sinki, alafu pasha kwa mashine ya kukaushia nywele au taulo zilizochovywa maji ya moto, ukianzia upande wa koki kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa wazi usitumike, nyumba zimeungua hivyo. Utasikia koki inakohoa, hewa inatoka kwa kukatika katika, matone ya kwanza yana kutu kidogo, alafu mtiririko mwembamba. Hapohapo shika tochi ufuate bomba lote kwa mkono ukitafuta unyevu au uvimbe. Ukikuta, funga valvu.

Zisizoganda bado, acha koki idondoshe maji kidogo kidogo usiku, hasa zile za ukuta wa nje.

Paa: asipande mtu. Tumia reki ndefu ukiwa umesimama chini, uvute theluji kidogo kidogo, na usisimame chini ya inapoangukia wala karibu na waya. Milango ya ndani ikianza kubana ghafla, dari likipiga nyufa mpya au kubonyea katikati, mkisikia mlio wa mbao kukatika, tokeni wote mhamie chumba cha joto. Kuhusu matawi yaliyoning'inia na msumeno wa mashine, muachieni mtu mwenye ujuzi na vifaa, hata kama linakera machoni.

## Hatua ya 8: Zamu na taarifa

Baada ya siku moja na nusu watu wazuri ndo wanaanza kuchoka na kugombana. Pangeni zamu tangu mwanzo, na mratibu alale naye, awepo wa pili anayejua daftari liko wapi.

Taarifa zitoke mara mbili kwa siku, saa ileile, na mtu mmoja. Meseji fupi kwenye grupu na karatasi moja chumba cha joto kwa wasio na simu. Iandike vitu vinavyojulikana tu: njia ipi iko wazi, chakula saa ngapi, nani anatafutwa. Habari ya "nimesikia umeme unarudi saa kumi" msiisambaze, watu wanaacha kuhama wakisubiri umeme ambao hauji. Mtandao ukiwa dhaifu meseji ya kawaida inapenya pale ambapo simu inagoma, na simu ikae mfuko wa ndani, baridi inamaliza betri haraka.

Nyumba za njano zipitiwe asubuhi na jioni, kila siku, hadi umeme na joto virudi kweli. Zile za kijani pia mara moja kwa siku, kijani ya jana inaweza kuwa nyekundu leo.

## Hatua ya 9: Theluji inapoanza kuyeyuka

Wengi wanaona jua wanafunga daftari. Msifunge bado.

Zibueni mifereji ya maji ya mvua kabla joto halijapanda, la sivyo maji yote ya mtaa yanaingia vyumba vya chini. Vipande vya barafu vinavyoning'inia ukingoni mwa paa, wekeni kamba watu wasipite chini. Usiku maji yaliyoyeyuka yanaganda tena na asubuhi ni barafu tupu isiyoonekana, mchanga mwagieni jioni. Kama mna maji kwenye chumba cha chini na yamefikia soketi, asiingie mtu mpaka umeme ukatwe.

Kabla hujasafisha chochote piga picha, kwa mbali na kwa karibu, pamoja na vitu vilivyoharibika na tarehe. Tunza risiti zote, hata za mafuta ya jenereta. Piga simu bima mapema, na matengenezo ya kuzuia uharibifu usiongezeke unaweza kuanza ukishapiga picha.

Watakuja mafundi wasiojulikana wanagonga milango wakidai walipwe yote taslimu mbele, leo leo. Mtaa ukubaliane kwamba hasaini mtu peke yake. Ombeni kibali na bima yao, pateni bei mbili au tatu, na malipo yaende kwa kadiri kazi inavyokwenda. Wajane na wazee wasindikizwe kwenye mazungumzo hayo, wao ndo wanalengwa.

Ndani ya wiki mbili, kabla watu hawajasahau, kaeni kikao kifupi. Daftari lipitiwe nyumba kwa nyumba: nani tulimfikia wa mwisho na kwanini, nani hakuwepo kwenye ramani, mafuta yaliisha saa ngapi. Kurasa zenye magonjwa na dawa za watu zichanwe zichomwe, ila namba za simu na lugha za kila nyumba zibaki, kwa ruhusa yao. Mkubaliane nyumba ipi itakuwa chumba cha joto msimu ujao na ipi ya akiba. Kengele za kaboni monoksaidi zinunuliwe kwa mchango, za betri, na kila nyumba ifunge kitambaa chekundu kwenye valvu yake kuu ili hata mgeni akiingia gizani na tochi aione.